Spika za Kumsikilizia Mama

Mimi na kaka yangu tuligombana mwezi mzima kwa sababu ya wufa. Nikisema wufa namaanisha lile sanduku la besi linalokaa sakafuni na kutetemesha vikombe kabatini. Wauzaji huliita sabwufa, lakini Isiolo hatuna muda wa kulitaja jina lote. Kaka alishikilia kwamba baba anunuliwe spika zenye wufa. Mimi nilishikilia kwamba spika mbili ndogo, zisizo na wufa, zinamtosha na kubaki. Kaka amenizidi miaka sita na anafanya kazi katika ofisi ya kaunti. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa hivyo hakuna kati yetu aliyezoea kuambiwa amekosea.

Baba mwenyewe hakuulizwa. Sisi humwita Aabo, kama Wasomali wote wa mji huu ambao babu zao walikuja na jeshi la mkoloni, wakastaafu hapa, wakaingia biashara na malori. Aabo aliendesha lori tangu kabla sijazaliwa, Isiolo hadi Moyale, wakati barabara ile ilikuwa bado vumbi na mawe. Miaka yote hiyo injini ilikuwa karibu na sikio lake kuliko mke wake na watoto wake, na mwishowe masikio yakachoka.

Tangu hospitali iwe chini ya kaunti tulipata mtaalamu wa masikio, mama mmoja mpole ambaye alijua kupaza sauti bila kumfanya mtu ajione anafokewa. Alimpima Aabo, kisha akatuita pembeni. Alisema sauti nene bado anazisikia. Nyembamba ndizo zilizomtoroka, na hata hizo zilizobaki zitaendelea kupungua. Akampa kifaa cha kuvaa sikioni. Aabo alikivaa siku mbili, kikampigia mluzi wakati wa swala, akakitupa kwenye droo pamoja na leseni yake ya zamani. Vidude vya kuvaa kichwani navyo hakutaka hata kuviona. Alisema hajawa punda wa kuvishwa hatamu.

Hakulalamika sana, maana si mtu wa kulalamika. Ila alasiri moja tukinywa chai, alisema kwa ile sauti ambayo yeye hudhani ni ya kunong'ona na jirani huisikia vizuri, "Kabla hii masikio ifunge kabisa, mimi nataka kusikia mama yenu. Mara moja tu."

Kaka akatazama chini. Mimi nikatazama chai yangu. Hapo ndipo mambo ya spika yalipoanzia.

Mama alikuwa ametutoka miaka minne kabla. Alikuwa Mborana wa Kulamawe. Aabo hakuwahi kukijua Kiborana zaidi ya ile salamu ya nagaa, yaani amani, na mama alikijua Kisomali cha kugombana na mawifi tu, kwa hivyo ndoa yao yote iliishi ndani ya Kiswahili. Si Kiswahili cha kufundishia. Kilikuwa Kiswahili cha huku kwetu, kila kitu "iko", kila mtu "ako". Nilipokuwa chuo cha ualimu nikirudi likizo, nilikuwa namsahihisha mama kila anapofungua mdomo. Siku moja aliniambia, "Hii Kiswahili unacheka ndio ilizaa wewe." Sikumsahihisha tena.

Mama hakujua kuandika, na Aabo alisoma mabango ya barabarani basi. Enzi hizo simu za mkononi zilikuwa hazijafika. Aabo alipokwama Moyale wiki tatu akisubiri mzigo, mama alimrekodia kanda na kumpa dereva mwingine anayeelekea huko. Madereva wengi walipata barua zao hivyo. Aabo aliisikiliza ndani ya lori, akairudisha, na mama akarekodi habari mpya juu ya zile za zamani. Kwa kubana matumizi namna hiyo, tulibakiwa na kanda moja tu, ile ya mwisho.

Nakumbuka mama akirekodi. Alitufukuza nje sote, lakini mimi nilichungulia dirishani. Aliketi mkekani mbele ya redio kaseti, akasema maneno mawili matatu, kisha akanyamaza akiikodolea macho ile redio. Akasema tena, akanyamaza tena. Mtoto mdogo mimi, nikadhani anaionea haya mashine.

Redio kaseti ile sasa ilikuwa imeanza kula kanda. Nikaona heri niihamishe sauti ya mama kabla haijatafunwa. Jumamosi moja nilibeba redio hadi shuleni, nikaiunganisha na laptopu katika chumba cha walimu, nikaicheza mara moja tu. Kanda haikukatika. Sauti ikaingia yote.

Kisha nikaisafisha. Lazima niseme hapa kwamba mimi ni mtu wa unadhifu hadi naudhi watu. Daftari la mwanafunzi likiwa na nafasi mbili tupu, kalamu yangu nyekundu haitulii. Na kanda ile ilijaa nafasi tupu: mama anasema, halafu unasikia mchakacho wa kanda, kuku kwa mbali, mchakacho tena. Nikaona huo ni uchafu. Nilikata nafasi moja baada ya nyingine hadi nusu saa ikawa dakika kumi na moja. Nilifurahi kama mtu aliyechambua mchele akatoa mawe yote.

Tukabaki na swali la spika. Tulikubaliana jambo moja tu, kwamba ziwe zisizo na waya. Aabo anatembea kwa fimbo, na mwaka uliotangulia alijikwaa kwenye waya wa televisheni akaanguka vibaya. Tangu siku hiyo alitangaza kwamba waya mwingine ukiingia sebuleni, yeye atatoka. Lakini hoja ya kaka kuhusu wufa, nakiri, ilikuwa na akili. "Daktari amesema sauti nene ndio anasikia," alisema. "Sasa unampea spika ya sauti nyembamba ya nini? Ni kama kupea mtu hana meno mahindi choma." Mimi nikamjibu kwamba maneno ya mama hayako kwenye besi, na kwamba wufa ni ya harusi. Akasema nina kichwa ngumu. Nikasema nimekirithi pamoja naye.

Tukaenda dukani pamoja. Duka lenyewe liko barabara kuu, la mzee Mmeru mwenye mvi na koti la kijivu ambalo halivui hata jua likiwa kali namna gani. Mzee huyu hujaribu kila spika kwa wimbo uleule mmoja wa injili, wenye besi ya kukusukuma kifua. Alipoucheza kwenye ile seti yenye wufa, vioo vya kabati lake vikatetema na wapita njia wawili wakaingia kuuliza kuna nini. Kaka alikuwa anatabasamu kama amepandishwa cheo. Spika mbili ndogo zilipopata zamu, wimbo uleule ukawa kama unaimbiwa chumba cha pili.

"Mzee, wewe ungechukua gani?" nilimuuliza.

"Mwalimu, mimi nauza zote mbili," akasema. "Mambo ya nyumba yenu msinitie."

Kaka ndiye kifungua mimba, kaka ndiye aliyelipa. Nilikubali shingo upande, nikamsaidia kubeba boksi.

Jumapili hiyo baada ya swala ya alasiri tulimkalisha Aabo kwenye kiti chake. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa kofia yake ya kwendea msikitini. Kaka akawasha. Spika ikatangaza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kike, kwamba imeunganishwa.

"Nani huyo?" Aabo akauliza.

"Ni spika, Aabo. Inasema iko tayari."

"Mwambie anyamaze. Leo ni zamu ya mwenye nyumba."

Halafu mama akaanza kusema, na vikombe vikaanza kulia kabatini. Mama yangu, mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa nyepesi hata akikugombeza unataka kucheka, alinguruma. Kila neno lilitoka na mvumo chini yake. Aabo aliinamisha kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Kaka akaongeza sauti. Ikawa mbaya zaidi.

"Mama yenu ako ndani ya tangi," Aabo akasema hatimaye. "Mtoeni."

Ningekuwa mtu mwema ningenyamaza. Sikunyamaza. Nilimkumbusha kaka habari za harusi mara tatu kabla hajairudisha seti kwenye boksi na kuipeleka kwake Burat, ambako hadi leo anasema majirani wanaipenda. Alipokuwa akiondoka niliona amekunja uso kama zamani alipokuwa akinyimwa mpira, nikamhurumia. Alikuwa amemtakia Aabo mema kwa pesa zake zote. Hilo sikumwambia siku hiyo.

Nilirudi kwa yule mzee peke yangu, safari hii nikiwa na sauti ya mama kwenye flashi. Nilimwomba asiweke wimbo wake, aweke hii. Akazima redio nyingine zote dukani, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, na spika mbili ndogo zikasema kwa sauti safi kabisa: "Salaam aleikum, baba watoto. Nagaa? Watoto iko sawa. Ile ndogo ameacha kukohoa. Mbuzi nyeusi amezaa mbili, moja dume." Kila neno lilisimama peke yake. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono mfukoni.

"Mama yako alikuwa mtu ya haraka?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Alikuwa mtu wa polepole kuliko watu wote wa Isiolo."

Nililisema hilo kwa mdomo wangu mwenyewe, nikatabasamu, nikalipa, nikaenda nyumbani. Wakati mwingine nashangaa watoto wa watu wanafundishwa na nani.

Nilimpigia kaka simu aje, kwa sababu sikutaka kumsikia mama bila yeye, na pia kwa sababu nilitaka anione nikishinda. Niliweka spika moja kila upande wa kiti cha Aabo, karibu kabisa na masikio, juu ya stuli mbili ndefu. Hakuna waya uliogusa sakafu. Mama akasema salaam aleikum.

Aabo alishtuka. "Ni yeye," akasema, akanishika mkono. "Wallahi ni yeye." Mimi nilikuwa tayari nalia. Kaka alikuwa amegeukia dirisha.

Lakini uso wa Aabo haukukaa hivyo. Nilimwona akifungua mdomo na kuufunga. Akafungua tena, akafunga. Alikuwa kama mtu anayetaka kuvuka barabara na magari hayaishi. Kabla mama hajafika mbali, akainua mkono.

"Zima."

"Husikii vizuri, Aabo?"

"Nasikia yote. Ni yeye, lakini ako na haraka. Mama yenu hakuwa na haraka na mimi hata siku moja." Akachukua fimbo yake akatoka, akaenda kukaa kwenye benchi la nje akitazama barabara.

Sijui kama nimewahi kuumia hivyo. Laiti angekosa kusikia, ningelaumu masikio. Alikuwa amesikia, na alichosikia kilimfukuza ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kaka, kwa wema wake, hakucheka. Alisema huenda ni bluetooth, kwamba ina kawaida ya kuchelewa kisha kukimbia kufidia. Tukaishughulikia bluetooth wiki nzima. Tulijaribu spika moja badala ya mbili. Tulijaribu simu ya kaka badala ya yangu. Tulizisogeza mbele, nyuma, juu ya kabati. Kila mara Aabo alisikiliza dakika moja, kwa adabu, kama anavyosikiliza mgeni asiyempenda, kisha akasema, "Bado ako na haraka." Mara ya mwisho aliongeza, "Acheni tu. Labda huko alikoenda iko na kazi mingi." Alisema kwa utani, lakini sisi hatukuona utani.

Ijumaa baada ya swala nilimkuta kwenye benchi lake. Nilikuwa nimechoka na hasira zangu zimeisha, na hizo ndizo nyakati pekee ambazo mimi huuliza swali la maana. Nikakaa karibu na sikio lake zuri, la kushoto.

"Aabo, nieleze. Haraka namna gani?"

Akanitazama kama nimeuliza jua linatokea wapi.

"Yeye anasema nagaa," akasema. "Mimi nasema nagaa. Yeye anasema watoto iko sawa, mimi nasema alhamdulillahi. Anasema mbuzi amezaa, mimi nauliza, ngapi? Ndio anasema mbili. Alikuwa anangoja mimi, huyo mwanamke. Mimi niko Moyale, yeye iko hapa, na anangoja mimi nimalize. Ile lori yangu, mtu akipita nje alikuwa anafikiri nimebeba abiria." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Sasa hii spika yako anasema yote peke yake. Mimi hakuna mahali ya kuingia."

Nilimwona mama mkekani, akiikodolea macho redio. Kumbe hakuwa akiionea haya mashine. Alikuwa akimtazama mume wake. Alikuwa ameuliza, na sasa anampa muda wa kujibu, kama anavyofanya Mborana yeyote anayejua kusalimiana: huwezi kumuuliza mtu amani ya watoto kabla hajakujibu amani yake mwenyewe. Na mimi nilikuwa nimekaa katika chumba cha walimu nikatafuta kila mahali alipokuwa Aabo, nikapaondoa.

"Aabo, ni mimi," nikasema. Ilinibidi niseme kwa sauti kubwa, mtaa mzima ukasikia aibu yangu. "Si spika. Kulikuwa na kimya kwenye kanda, nikaona ni uchafu, nikakitoa."

Aabo akatazama barabara.

"Huko ndani nilikuwa mimi," akasema.

"Najua sasa."

"Mwalimu," akasema, na kunigonga goti kwa fimbo, polepole, mara mbili. Akiniita mwalimu kwa namna ile, najua nimesamehewa na pia najua nitasimuliwa kwa wageni maisha yangu yote.

Namshukuru Mungu kwamba uvivu wangu uliniokoa pale unadhifu uliponiangusha. Sikuwa nimefuta sauti ile ya kwanza. Ilikuwa bado kwenye laptopu, nusu saa kamili, na mchakacho wake na kuku wake. Niliihamisha kwenye simu, nikamwita kaka kutoka Burat, naye akaja na shati la ofisini bado limechomekwa.

Spika mbili ndogo, kila upande wa kiti. Wufa haikuwepo, na kwa mara ya kwanza mwezi ule hakuna aliyeitaja. Nikawasha.

"Salaam aleikum, baba watoto."

Mchakacho. Kuku.

"Waaleikum salaam," Aabo akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kupiga kelele. Ilikuwa ya chini, ya ujana, sijawahi kuisikia.

"Nagaa?"

"Nagaa."

"Watoto iko sawa."

"Alhamdulillahi. Ile ndogo ameacha kukohoa?"

"Ile ndogo ameacha kukohoa." Hapo kaka akanitazama, kwa sababu ile ndogo ni mimi. Nikaelewa kwamba Aabo aliikariri kanda yote tangu zamani, kila swali na kila pengo lake. Mama akasema mbuzi mweusi amezaa. Aabo akauliza wangapi. Mama akasema wawili, mmoja dume, na Aabo akafurahi kuhusu yule dume kama amezaliwa asubuhi hiyo. Walizungumza habari za mvua, habari za wifi mmoja mwenye maneno mengi, habari za mlango usiofungika vizuri, ambao bado haufungiki vizuri. Mimi na kaka tulikaa sakafuni, tumeegemea ukuta, kama tulivyokuwa tukikaa wakubwa wakiongea.

Kuelekea mwisho mama akasema betri zinaisha. Halafu akauliza, "Sasa wewe, unakuja lini?"

Akanyamaza amngoje. Kimya hicho ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vyote, na ndicho nilichokikata kwanza. Mchakacho ulipita, kuku akapita. Aabo alikuwa ameweka kiganja juu ya spika ya kushoto, kama mtu anayeushika mkono wa mwenzake mezani. Zamani, kutoka Moyale, labda alikuwa akimtajia siku. Safari hii alifikiri kidogo.

"Niko karibu," akasema. "Niko karibu sana, mama watoto. Weka chai."

Kanda ikafika mwisho wake, ikalia tak. Kisha kaka, ambaye maisha yake yote ameingia jikoni kuuliza tu chakula kitaiva saa ngapi, akainuka, akapita mbele yangu bila kuniangalia. Nikamsikia akifungua makopo moja baada ya jingine, akitafuta majani ya chai.